Pikipiki ya Kwanza: Wito kwa Wanaoanza Kuendesha Handeni na Korogwe

Mwezi huu wako watu waliofikisha akiba ya kununua pikipiki, na hawajawahi kumiliki hata moja. Ni mwalimu aliyepangiwa shule Kwamsisi akakosa nyumba ya karibu. Ni muuguzi wa Mashewa ambaye zamu yake ya usiku inaisha kabla gari la kwanza halijapita. Ni kijana anayelala Kabuku na kuuza duka la pembejeo Mkata. Ni mama wa Mkumbara mwenye genge lake Mombo. Nauli ya bodaboda asubuhi na jioni inawamaliza, na siku ya mvua hata huyo bodaboda hapatikani. Naandika kwa ajili yao, na kwa ajili ya wanaowauzia, wanaowafundisha na wanaowaajiri.

Uamuzi wa kununua siupingi hata kidogo. Huku kwetu pikipiki ndiyo inayomfikisha mkunga kwa mzazi na mwalimu darasani kabla ya kengele. Ninachoomba ni kimoja: hesabu ya pikipiki isiwe bei ya pikipiki peke yake. Weka ndani ya bahasha moja bei ya chombo, gharama ya mafunzo, leseni, kofia ngumu na bima. Bahasha isipotosha, punguza chombo. Usipunguze mafunzo, usipunguze kofia. Nunua pikipiki ndogo kuliko ile uliyoitamani, au subiri miezi miwili. Nimeona wengi wakifanya kinyume chake. Pesa yote inakwenda dukani, mtu anatoka na pikipiki inayong'aa, hana leseni, kichwa wazi, na siku hiyohiyo anaingia nayo barabara kuu.

Barabara zetu zina sura mbili, na mgeni wa usukani anakutana na zote mbili ndani ya safari moja. Kuna lami. Barabara kuu ya kutoka Chalinze inapita Mkata, Kabuku na Segera, inagawanyika kwenda Tanga, na mkono mwingine unakwenda Korogwe, Mombo na Same. Kuna lami ya Korogwe hadi Handeni, kilomita 65, na ya Handeni hadi Mkata, kilomita 54. Enzi za vumbi, hata dereva mwenye haraka alilazimika kupunguza mwendo kwa sababu ya mashimo. Lami ilipokuja ilitupa muda na ikatupa mwendo, na mwendo huo haukuja na mwalimu. Kisha kuna barabara za kuingia vijijini: udongo mwekundu wa Handeni unaoteleza masika, mchanga uliolala kwenye makorongo wakati wa kiangazi, na ng'ombe wanaovuka bila taarifa. Upande wa Korogwe ukiacha tambarare ya mkonge unapanda Bungu, Vugiri, Dindira, na huko kushuka ndiko kwenye mtihani.

Kwa hiyo swali la kwanza si pikipiki gani ni nzuri. Ni barabara yako ipi. Andika kwenye karatasi njia yako ya kila siku kutoka mlangoni hadi kazini: kiasi gani ni lami, kiasi gani ni vumbi, kuna mlima wapi, kuna mto usiovukika Aprili wapi, utarudi saa ngapi, utabeba nini. Mwalimu wa Kwamsisi na mama wa Mkumbara hawahitaji chombo kimoja. Huyo wa Mkumbara kwenda Mombo yuko lamini pembeni ya mabasi ya mikoani, na anachohitaji ni breki zinazoshika, taa inayoonekana na vioo vya pembeni. Mwalimu anahitaji tairi yenye meno, shokapu zinazovumilia, na chombo chepesi ambacho kikianguka kwenye tope atakiinua mwenyewe bila kusubiri mpita njia.

Hapo naingia kwenye jambo ambalo najua wengi hawatalipenda. Anza na cc 100, au 125 ikiwa una mlima. Usianze na 150.

Sababu ya 150 kujaa madukani ni biashara ya bodaboda. Kanuni za mwaka 2010 ziliporuhusu rasmi pikipiki kubeba abiria kwa malipo, soko zima liligeukia kule kwenye mzigo. Mwenye biashara anataka chombo cha kubeba watu, magunia ya mahindi na kreti za soda kutwa nzima, na muuzaji anaagiza anachotaka mteja wake mkubwa. Mnunuzi wa kwanza akiingia dukani anaoneshwa pikipiki ya kazi hiyo, anaambiwa ina nguvu, anaamini kwamba nguvu ni usalama. Wewe hubebi magunia. Unajibeba mwenyewe, na mkoba wenye daftari.

Angalia pia sheria. Leseni ya daraja A1 ni ya pikipiki isiyozidi cc 125. Zaidi ya hapo inatakiwa daraja A. Boxer 150 ina injini ya karibu cc 145, kwa hiyo mwenye A1 akiikalia anaendesha chombo ambacho leseni yake haikitambui. Siku ya amani hakuna anayeuliza. Siku ya ajali, bima ndiyo inayouliza kwanza.

Na hesabu ya muda haimtetei mwenye haraka. Korogwe hadi Handeni, kilomita 65, ukienda kwa mwendo wa 60 kwa saa unatumia saa moja na dakika 5. Ukienda 80 unatumia dakika 49 hivi. Umeokoa dakika 16. Lakini nguvu inayokubeba ukiwa na 80 ni karibu mara mbili ya ile ya 60, na ni nguvu hiyohiyo ambayo breki zako zinapaswa kuimaliza mbuzi anapokatiza. Kwenye 60, kila sekunde moja umekwenda mita 16 na zaidi. Anayeanza huchelewa kuliko mzoefu kuona, kuamua na kushika breki, na uchelewaji huo anaulipa kwa mita. Pikipiki ya cc 100 inamzuia kidogo. Haimsukumi kuingia kwenye mwendo ambao mikono yake haijaujua. Petroli nayo inadumu, kwani lita moja kwenye cc 100 iliyotunzwa hukupeleka kilomita 50 na kuendelea. Tena huko ndani vijijini, mafuta yanakouzwa kwa chupa na bei inategemea umbali wa kijiji, hilo si jambo dogo.

Sasa twende dukani, maana huko ndiko uamuzi unakofanyika, na unafanyika haraka mno.

Usimwache muuzaji akuwashie injini kwanza. Mlio unalewesha. Kaa kwenye siti injini ikiwa imezimwa, vaa viatu unavyovaa kazini, na uangalie nyayo zako. Zote mbili zinagusa chini, au unasimama kwa ncha za vidole? Kwenye barabara yenye mteremko wa pembeni, ile sentimita moja inayokosekana ndiyo inayokuangusha ukiwa umesimama tu, unasubiri lori lipite. Ishushe kutoka kwenye stendi ya kati, kisha uipandishe tena mwenyewe. Isukume hatua kumi mbele, kumi nyuma, uigeuze. Ukiona jasho linakutoka hapo kwenye sakafu ya saruji, fikiria udongo wa Aprili. Shika klachi kwa vidole vinne na uachie polepole, urudie mara nyingi. Kama mkono unachoka sasa hivi, utakuwaje kwenye msongamano wa siku ya gulio? Watu wenye viganja vidogo, na akina dada wengi wamo humu, wamwambie muuzaji alegeze au akaze waya hadi klachi ishike mahali wanapopafikia. Ni kazi ya dakika chache kwa spana moja. Ukimwona anakunja uso kwa ombi hilo, nenda duka la pili.

Dada anayevaa gauni refu, kanga au baibui aangalie upande wa kushoto wa gurudumu la nyuma. Pikipiki nyingi za kutoka India huja na wavu wa chuma hapo, kwa sababu kwao wanawake hukaa upande wakiwa na sari. Mafundi na wenye bodaboda huku huung'oa wakidai unapiga kelele. Mwambie muuzaji auache. Nguo ikimezwa na spoku au cheni hakuna anayewahi kuivuta.

Kuhusu majina, nitasema ninavyoona. Boxer na TVS za cc 100 na 125 zimejaa barabarani, na hiyo ndiyo sifa yake kubwa: kila kijiwe kina mtu aliyezifungua, na spea ziko hadi kwenye maduka ya vijijini. Za Kichina, SANLG, T-Better, Fekon, Haojue na wenzake, nyingi ni watoto wa Honda CG125, pikipiki ambayo Wajapani waliitoa mwaka 1976 ikiwa imekusudiwa nchi ambazo mwenye chombo hana muda wala fundi wa kuitunza kila wiki. Ndiyo maana fundi wa Magoma anaifungua akiwa amekaa chini ya mwembe. Ubora wa chuma unatofautiana sana kati ya jina na jina, na bei nafuu mara nyingi imepunguzwa kwenye breki, taa na nyaya, vitu ambavyo anayeanza anavihitaji kuliko mzoefu. Kabla ya kuchagua jina, nenda kwa fundi wa kijijini kwako, si yule wa mjini Tanga. Muulize anafunga zipi kila siku, anapata wapi kebo ya klachi, sahani za klachi, viatu vya breki, cheni na sproketi. Jina asilolijua fundi wako litakulaza njiani, hata kama gazeti zima linalisifia.

Wako watakaonunua iliyotumika, na kwa kipato chetu hilo halina aibu. Ila lisifanyike jioni, wala kwa kuaminiana kwa mdomo. Fika asubuhi, na kabla haijawashwa weka kiganja karibu na injini. Ikiwa na joto, mwenyewe ameiwasha kabla hujafika, na huenda asubuhi huwa haiwaki. Simama nyuma yake, chuchumaa, uangalie kama gurudumu la nyuma na la mbele yapo kwenye mstari mmoja, maana chesisi iliyopinda haina dawa ya bei nafuu. Piga breki ya mbele ukiisukuma, uone kama mafuta yanachuruzika kwenye shokapu. Moshi wa bluu unaoendelea baada ya injini kupata moto maana yake inakula oili. Kisha kaa chini na kadi. Namba ya injini na namba ya chesisi zisomwe kwenye chuma, tarakimu kwa tarakimu, zifanane na za kwenye kadi. Jina la kwenye kadi liwe la anayekuuzia, au mwenye jina awepo. Pikipiki nyingi za bodaboda ziko kwenye mkataba: kijana analeta hesabu kila siku kwa tajiri hadi chombo kiwe chake, na wapo wanaokiuza kabla mkataba haujaisha. Utakuwa umenunua kesi. Angalia pia kwa namba ya MC kama chombo kina deni la faini kwenye mfumo wa polisi, na msiachane hadi umiliki uanze kubadilishwa TRA. Yule anayekwambia utabadilisha baadaye anajua kwa nini anasema hivyo.

Chombo kimepatikana. Sasa mafunzo, na hapa naomba tusikilizane kwa makini, maana hapa ndipo tunapopoteza watu.

Namna tunavyofundishana inajulikana. Jioni, uwanja wa mpira, rafiki amekaa nyuma. Anaonesha giya, anaonesha klachi, mwanafunzi anazunguka uwanja, wanacheka, giza linaingia. Siku ya tatu rafiki anasema umeshajua. Kweli amejua kuiondoa pikipiki. Hajafundishwa kuisimamisha. Tena kwenye kuisimamisha anafundishwa uongo mmoja ambao nimeusikia katika vijiwe vingi: usiguse breki ya mbele, itakurusha. Ukweli ni kwamba chombo kinapopunguza mwendo uzito mwingi unasogea mbele, na gurudumu la mbele ndilo linaloshika barabara. Anayetegemea breki ya nyuma peke yake anahitaji umbali mrefu zaidi kusimama, na akikanyaga kwa hofu gurudumu la nyuma linajifunga na kuteleza. Kinachorusha watu ni kuikamata ya mbele kwa ghafla, au kuikamata kwenye mchanga na tope, au gurudumu likiwa limekata kona. Mwanafunzi aijue kwa kuibana taratibu, vidole vikiongeza nguvu kidogo kidogo, pamoja na ya nyuma, chombo kikiwa kimenyooka. Airudie uwanjani hadi mkono ufanye bila kuulizwa. Mtu asitoke uwanjani kabla hajaweza kusimama ndani ya alama aliyochorewa chini, akiwa anatoka kwenye mwendo wa 30.

Kushuka mlima ni somo la pili. Ukitoka Bungu au Vugiri kuja chini, usizime injini ili kuokoa mafuta, na usiweke giya huru. Wapo wanaofanya hivyo, na wanajisifu. Pikipiki isiyo na giya inabaki na breki tu, nazo zikitumiwa mfululizo kwenye mteremko mrefu zinapata moto na kulegea pale kona inapokuja. Shuka na giya ileile ambayo ungepandia, ya pili kwa kawaida. Injini itakushika yenyewe, na breki utazigusa kidogo kabla ya kona, siyo ndani ya kona. Kwa anayeanza, mvua ikinyesha huko juu, kulala kwa mwenyeji ni uamuzi wa heshima.

Somo la tatu linahusu barabara kuu, na hili halifundishiki uwanjani. Basi la Arusha likikupita kwa kasi, kwanza hewa inakusukuma nje, kisha inakuvuta ndani, nyuma ya basi. Asiyejua anashtuka, anakaza mikono, na pikipiki inayumba zaidi. Aliyeambiwa mapema anabana tangi kwa magoti, analegeza viwiko, anaangalia mbali, na linapita. Lori linalopita jingine likielekea upande wako halitarudi kwa ajili yako. Usiku wa Februari 3, 2023, pale Magila Gereza, Korogwe, lori na Coaster iliyobeba wafiwa waliokuwa wakipeleka mwili Moshi viligongana, na watu wasiopungua 17 walifariki. Hao walikuwa ndani ya gari la chuma. Kwa hiyo namwomba anayeanza: miezi mitatu ya kwanza usiingie barabara kuu usiku. Ratiba ya kazi ikikulazimisha, ongea na mkuu wako wa kazi, na ukishindwa, panda gari siku hizo.

Mafunzo rasmi yapo. Unaomba leseni ya kujifunzia, ile wengi wanayoiita lena, shule ya udereva iliyosajiliwa inakufundisha na kukupa cheti, unapimwa na polisi, na TRA inakupa leseni. Najua kuna njia ya mkato, na najua inakoanzia. Leseni ya mkato inakufikisha kwenye kizuizi cha trafiki tu.

Nije kwenye kofia ngumu. Mapitio ya tafiti nyingi za dunia yalionesha kwamba helmeti hupunguza uwezekano wa kufa kwa mwendesha pikipiki aliyepata ajali kwa asilimia 42, na kuumia kichwa kwa asilimia 69. Hakuna kifaa kingine cha bei hiyo kinachofanya kazi hiyo. Lakini ni lazima iwe kichwani, na iwe imefungwa. Huku kwetu kofia inaning'inia kwenye kioo cha pembeni, inakaa kwenye tangi, inavaliwa bila mkanda ikikaribia kizuizi. Kofia isiyofungwa inaruka kabla kichwa hakijafika chini.

Ukienda kununua, ivae, funga mkanda chini ya kidevu, kisha mwambie mtu aishike kwa nyuma na kujaribu kuivua kuelekea mbele. Ikitoka, si yako. Ikizunguka huku kichwa kimetulia, ni kubwa. Ndani yake kuwe na sponji ngumu nyeupe iliyoshikana, ile inayobonyea mara moja na kubaki imebonyea. Kazi ya kofia iko pale, wala si kwenye ganda la nje lenye rangi. Zile nyepesi za plastiki zenye kitambaa tu ndani ni za kumridhisha trafiki. Kofia iliyokwisha kupigwa chini kwa nguvu imemaliza kazi yake hata kama huoni ufa, kwa hiyo kofia ya mtumba usiikaribie. Nunua mbili. Sheria inamtaka abiria wako naye avae, na abiria wako wa kwanza ni mke, mume, mama au mtoto wako. Mtoto naomba asikalishwe kwenye tangi mbele yako. Hapo anakuwa kati yako na kila unachokigonga. Na mshikaki, watu wawili au watatu nyuma, hata ikiwa ni kupeleka watoto shule tu, mwenye pikipiki ya kwanza asiujue kabisa.

Tofauti ya bei kati ya cc 100 na 150 mara nyingi inanunua kofia zote mbili na kulipia mafunzo. Rudia hesabu hiyo ukiwa nyumbani, kalamu mkononi, kabla hujaenda dukani.

Bima sina maneno mengi. Bima ndogo ni ya lazima na inamlinda unayemgonga, haikulindi wewe wala chombo chako. Anayeweza bima kubwa kwa mwaka wa kwanza ajitahidi, kwa kuwa mwaka wa kwanza ndio anaokiangusha.

Maneno yaliyobaki si ya mnunuzi.

Nawaomba wauzaji wa Manundu, Chanika, Mkata na Mombo. Mteja wa kwanza mnamjua tangu anapoingia. Anauliza rangi kabla ya kuuliza breki. Msimkabidhi ufunguo bila kumuuliza kama ana leseni na nani ataipeleka pikipiki nyumbani. Kofia ngumu ya kweli iwe ndani ya bei, na ile ya plastiki mnayotoa kama zawadi muiache. Mfundisheni kukaza cheni, kuangalia oili na kurudi baada ya kilomita 500 hivi kwa matengenezo ya kwanza. Atarudi kwenu kwa spea miaka kumi.

Nawaomba wakuu wa shule, waganga wafawidhi, maafisa utumishi wa halmashauri. Mwaka 2022 serikali iligawa maelfu ya pikipiki kwa maafisa ugani nchini, na wengi mmeona kazi ilivyobadilika. Afisa anayekabidhiwa pikipiki ya umma apimwe kwanza uwezo wa kuendesha, na mtumishi mpya anayejinunulia yake apewe ruhusa ya siku chache akajifunze. Siku hizo ni nafuu kuliko miezi ambayo shule itakaa bila mwalimu wa hesabu.

Nawaomba wazee na wazazi. Kijana akimaliza kidato cha nne na mavuno yakawa mazuri, zawadi ya pikipiki imekuwa desturi. Mpeni kwanza ada ya shule ya udereva. Akileta leseni, mpeni pikipiki. Atanung'unika wiki mbili.

Na nawaomba ninyi wenyeviti wa vijiwe, wa bodaboda. Najua mnavyosemwa vibaya, na najua nani anayekimbiza wagonjwa hospitali ya Magunga saa nane za usiku. Ujuzi wa barabara hizi mnao ninyi: mnajua korongo lipi linajaa kwanza, kona ipi ina mchanga, saa ngapi ng'ombe wanavuka Sindeni. Kila kijiwe kichague madereva wawili wenye leseni na utulivu, wasio na haraka, na kitangaze kwamba mtu yeyote mwenye lena anaweza kufika Jumapili asubuhi akafundishwa kusimama, kushuka mlima na kupishana na basi. Mwanafunzi alipe mafuta na chochote kidogo kwa muda wa mwalimu wake, na walimu hao watambulike kwa trafiki wa wilaya ili uwanja utumike bila bughudha. Uwanja upo kila kata, na asubuhi ya Jumapili hauna mechi. Kijiwe kitakachokuwa cha kwanza kuanza, Handeni au Korogwe, kiandike jina lake na saa ya kuanza kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kata, ili mwalimu wa Kwamsisi na muuguzi wa Mashewa wajue pa kwenda.